Batri ya trakta imelala kiangazi kizima: chaja ndogo, mchaji wa mtaani, sola au kuazima moto?

Mkulima wa njia ya Kasenga
Jambo yenu wote. Mawingu yameanza kujikusanya huku Lubumbashi na mimi trakta yangu haigutuki. Niliisimamisha mwezi wa tano tulipomaliza kubeba mahindi, nikaifunika turubai vizuri, lakini waya za batri sikuzitoa. Jana nimegeuza ufunguo, kimya kabisa, hata taa ya dashibodi haikuwaka. Mita inasoma volti 9.8. Ni batri ya maji, volti 12, Ah 100 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), ina miaka miwili tu.

Kila mtu ananipa njia yake: nunua chaja ndogo uchajie nyumbani, peleka kwa wachaji wa mtaani, weka paneli ya sola, au azima moto, yaani unganisha waya na batri ya lori la jirani, halafu uache injini ijaze yenyewe. Nyumbani Kampemba umeme wa SNEL, shirika la umeme la huku, unakuja na kukatika, shambani haupo. Batri mpya sitaki kununua bila sababu, pesa yote imeingia kwenye mbegu na mbolea. Nyinyi mngeanza wapi?

Fundi wa Katuba
Yaya, kwanza usiiazimie moto, tafadhali. Nitarudi hapo.

Batri ya risasi na asidi ikiwa imejaa na kupumzika inasoma 12.6 au 12.7. Ikiwa 12.2, imebaki nusu. Chini ya 11.8 tunasema imekufa moto, na wewe uko 9.8. Ikikaa hivyo miezi, vibamba vya ndani vinafunikwa na chumvi ya risasi inayogeuka ngumu kama ukoko wa sufuria. Ukoko mpya unatoka kwa kuchaji. Ule wa zamani hautoki tena, au unatoka kidogo. Kwa hiyo kila siku unayongoja inakula nafasi yako.

Mimi ningechagua chaja ndogo. Kanuni ni sehemu moja ya kumi ya Ah: kwa Ah 100 usizidi ampea 10. Kwa batri iliyolala hivi anza na 2 au 3, uiache siku nzima, hata mbili, ndipo upandishe. Fungua vifuniko uangalie maji. Vibamba vikiwa wazi, ongeza maji ya batri mpaka vifunikwe tu, usijaze. Ya kufika kwenye alama utaongeza baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda yenyewe.

Jambo moja litakalokusumbua: chaja za kisasa zikikuta volti ya chini sana hukataa kuanza, zinadhani hakuna batri. Hapo unganisha batri nzima ya volti 12 sambamba na yako, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, washa chaja, na baada ya robo saa toa ile nzima.

Mama wa Kipushi
Mimi niseme la wachaji wa mtaani, maana nililipia somo hilo. Mwaka juzi nilipeleka batri ya trakta yetu kwa kijana mmoja mwenye mashine kubwa. Alikuwa na batri nyingi za kungoja, akaiweka kwa ampea nyingi ili aimalize usiku mmoja. Asubuhi niliikuta imetuna ubavuni na inanuka kama mayai yaliyooza. Ilivuta trakta wiki tatu, ikaisha. Si kwamba wote ni wabaya. Lakini kama unapeleka, uliza ataweka ampea ngapi, na akijibu kwa haraka-haraka, beba batri yako urudi nayo.

Dereva wa Likasi
Kuazima moto kumetusaidia sana njiani. Dakika kumi, injini inawaka, unaendelea na kazi. Kwa nini fundi unakataza?

Fundi wa Katuba
Njiani ni sawa, kaka, kama batri imechoka tu kwa taa zilizosahaulika usiku mmoja. Kwa batri iliyolala miezi mitano ni jambo lingine. Alteneta, kile kifaa cha injini kinachochaji batri, kazi yake ni kurudisha kidogo kilichotumiwa na stata, mota ya kuwashia injini. Ukiipa batri tupu kabisa, inatoa nguvu yake yote muda mrefu, inapata moto na inaweza kuungua. Trakta ikiunguruma polepole nayo haitoi vya kutosha, unachoma mazuti saa nne na batri bado haijafika nusu.

Ukilazimika: waya mwekundu chanya kwa chanya, mweusi kwenye hasi ya batri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma cha trakta, mbali na batri. Cheche isitoke juu ya batri. Hewa inayotoka humo inalipuka.

Jua la Goma
Sola isidharauliwe. Paneli ya wati 50 yenye kidhibiti cha chaji inatoa karibu ampea 3 jua likiwa kali, yaani Ah 13 hadi 15 kwa siku nzuri. Batri yako itachukua wiki na zaidi. Kwa kuchaji polepole hiyo ni njia nzuri, na mwezi wa kumi huko kwenu jua ni la kutosha. Ila usiunganishe paneli moja kwa moja bila kidhibiti, itachemsha maji yote.

Mkulima wa njia ya Kasenga
Aksanti sana. Jirani ananishauri nimwage maji yote nitie asidi mpya. Pia anasema batri imeisha kwa sababu trakta ilisimama juu ya saruji.

Fundi wa Katuba
Asidi usiguse, nakuomba. Asidi ya batri hii haijapotea. Imejificha kwenye vibamba, ndiyo ule ukoko. Ukichaji inarudi majini. Ukitia nyingine, ya zamani ikirudi utakuwa na asidi kali kupita kiasi na vibamba vitaliwa. Kinachopungua ni maji, basi rudisha maji: ya batri, si ya kisima.

Saruji haina kosa. Sanduku la plastiki halipitishi umeme. Batri hujipotezea moto yenyewe kila mwezi, na kwenye joto zaidi.

Ndugu aliye Quebec
Huku trakta zinalala majira ya baridi, na hatari yetu ni barafu. Batri iliyojaa haigandi hata baridi ikiwa kali sana, lakini iliyokufa moto ni karibu maji matupu, inaganda kwenye nyuzi kama 7 au 10 chini ya sifuri na sanduku linapasuka. Iliyoganda haichajiwi kabla haijayeyuka. Nyie mmepona hilo, lakini dawa ni ileile: chaji ijae kabla ya kulaza, na toa waya wa hasi.

Mkulima wa njia ya Kasenga
Narudi na majibu. Nimeazima chaja ya ampea 6 kwa shemeji. Ilikataa kuanza kama fundi alivyosema, nikaisaidia kwa batri ya gari, ikakubali. Umeme ulikatika mara tano, na kila ukirudi ilibidi nibonyeze kitufe upya, kwa hiyo nililala sebuleni karibu nayo na madirisha wazi. Siku tatu. Nikaipumzisha usiku mzima: volti 12.5.

Fundi wa Katuba
Vizuri! Ingebaki kwenye 10.5 ningekuambia chumba kimoja cha ndani ya batri kimekufa, nunua nyingine. Sasa mtu apige stata wewe ukiangalia mita. Isishuke chini ya 9.6.

Mkulima wa njia ya Kasenga
Imeshuka 10.2 na trakta imewaka. Mama watoto amepiga vigelegele shambani. Leo nimeanza kulima upande wa mto, na mwezi wa tano ujao batri inakuja kulala nyumbani.