Naomba ushauri: kijana wangu mkimbiaji anataka kuingia futiboli ya Kimarekani

Ndugu zangu, habari zenu. Tunaishi Texas, na kijana wangu wa sekondari anakimbia mita 100 vizuri sana. Sasa kocha wa futiboli ya Kimarekani anamtaka, na mwenyewe kashawaka. Kila siku ananitajia Bob Hayes, aliyetwaa dhahabu mbili Tokyo 1964, mita 100 na kupokezana vijiti, kisha akachezea Dallas Cowboys kuanzia 1965 na kubeba ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya mchezo huo, Januari 1972. Mabeki walishindwa kumkaba mtu kwa mtu, ikabidi walinde maeneo.

Nakubali, mfano mzito. Lakini Hayes aliucheza mchezo huo tangu chuoni Florida A&M; wangu hajawahi hata kuudaka huo mpira. Na Renaldo Nehemiah, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi, alicheza San Francisco 49ers misimu mitatu tu, akarudi kwenye riadha.

Kinachoninyima usingizi ni mtikisiko wa ubongo. Mliolea vijana katika mchezo huu, mliwaruhusu wakiwa na umri gani? Anaweza kufanya vyote viwili bila kuharibu mbio zake? Na nimuulize kocha nini kabla sijasaini fomu ya ruhusa?