Tupeane uzoefu: Nyumbani walipomkataa mchumba wako, ulifanyaje? (Naanza na jenerali wa Dessau)

Wakuu, habari za jioni.

Nikienda kazini napita Zietenplatz, hapa Berlin. Pana sanamu ya mzee mmoja, kavaa sare ya jeshi na kofia ya pembe tatu. Miaka miwili nimempita tu. Mwezi uliopita nikasimama, nikasoma jina, jioni nikamtafuta. Nilichokikuta ni kisa cha nyumbani kwetu kabisa.

Ni Leopold, mtawala wa Anhalt-Dessau, nchi ndogo ya Kijerumani, aliyezaliwa 1676. Vitani alikuwa habari nyingine: Blenheim 1704, Turin 1706, Malplaquet 1709. Ndiye aliyewazoesha askari wa Prussia, dola ya Kijerumani aliyoitumikia, kutembea kwa hatua moja, akawapa na ufito wa chuma wa kushindilia baruti kwenye bunduki, maana ule wa mbao ulikuwa ukivunjika mapigano yamepamba moto. Ya vita yana wenyewe. Mimi nimeshikwa na ya mke wake.

Tangu ujana alimpenda Anna Luise Föhse, binti wa mfamasia wa pale Dessau. Baba yake Leopold alifariki 1693, nchi ikashikwa na mama yake, Henriette Catharina, mtoto wa ukoo wa Orange wa Uholanzi. Mama akasema hapana. Akamsafirisha kijana hadi Italia, akitumaini asiye machoni na moyoni atatoka. Kijana akazunguka, akarudi, jina ni lilelile. Mwaka 1698 akakabidhiwa utawala, na mwaka huohuo akamwoa. Mwaka 1701 Kaisari, mkubwa wa watawala wote wa Kijerumani, akampandisha Anna Luise hadhi, ili watoto wao wahesabiwe warithi halali. Walizaa watoto 10. Mume akiwa vitani, yule binti wa mfamasia ndiye aliyeangalia mambo ya nchi.

Sasa sikilizeni. Mtoto wao wa kwanza, Wilhelm Gustav, naye akapenda mtu wa chini, Johanna Sophie Herre, binti wa mpika bia. Mwaka 1726 akamwoa kwa siri. Kwa siri, wakuu, na baba yake ni Leopold! Wakapata watoto tisa. Mwaka 1737 ndui ikamwua. Mzee alipofariki 1747, utawala ukaenda kwa mdogo wake Wilhelm Gustav, wale wajukuu wakapitwa. Wakaja kupewa cheo cha "count", cha kikabaila lakini chini ya mtawala, mwaka 1749, babu yao hayupo.

Hapo ndipo nilipojiona. Baba yangu alimwoa mama, mtoto wa wavuvi, babu akakaa miaka sita bila kukanyaga kwetu. Baba huyohuyo, nilipompeleka mchumba wangu nyumbani Tanga, aliuliza swali moja tu: "Baba yake anafanya kazi gani?" Nikasema anauza mkaa. Akainuka akaenda kuswali, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilitii.

Mtu aliyepita njia ile anaisahau vipi? Karibuni, kila mtu na yake.

Mchangiaji wa 2, Dar es Salaam

Pole sana kaka. Mimi ndiye niliyekataliwa. Mama mkwe alikuwa akija kwetu na hotpoti yake, chakula changu hagusi. Nilipika, nikatenga, yeye akafungua chake pembeni. Miaka mitatu hivyo. Siku moja hotpoti ikasahaulika kwenye daladala. Nilikuwa na wali na samaki wa nazi. Alikula kimya, akamaliza, akaniuliza, "Nazi unakuna mwenyewe?" Nikamjibu ndiyo mama. Hotpoti sikuiona tena.

Huyo Anna Luise namwelewa. Natamani kujua siku ya kwanza alikaaje meza moja na yule mama wa Orange.

Mchangiaji wa 3, Mombasa

Mimi ni Wilhelm Gustav, ila ndui haikunipata, alhamdulillahi. Nilioa kwa siri nikaficha miaka mitatu. Watu huona raha ya siri, hawaoni kazi yake. Kila simu ikilia usiku, watoka nje. Mtoto akiugua, wadanganya waenda safari. Mamangu alipata habari kwa jirani. Akaja, akamchukua mtoto mikononi mwa mke wangu, akaniambia nitoke nje. Nilikaa barazani hadi magharibi, na ndani nasikia wao wawili wanacheka.

Mchangiaji wa 4, Leipzig

Mkuu, nilifika Dessau mwaka jana. Kanisa la Marienkirche, alikozikwa mzee, liliungua kwa mabomu Machi 1945, baadaye wakalijenga upya. Ukisimama ndani, nusu ya unachokiona ni matofali matupu.

Ila usimhukumu haraka. Leopold alijua gharama yake. Bila hati ya Kaisari, watoto wake wangepitwa kama walivyopitwa hao wajukuu. Huenda baba yako naye aliona mama alivyoteseka ile miaka sita, akaogopa binti wa watu asije akayapata yaleyale. Njia aliyochagua ilikuwa mbaya, hilo sibishi.

Na jingine: Anna Luise alifariki Februari 1745. Desemba mwaka huohuo mzee, miaka 69, aliongoza jeshi kwenye theluji ya Kesselsdorf na kuwashinda Wasaksoni, watu wa nchi ya Saxony. Wengi husimulia ule ushindi. Mimi huwaza alirudi Dessau akakuta nyumba haina mtu wa kumpokea.

Mwanzisha mada

Mchangiaji wa 4, hilo la woga sikuwahi kuliwaza. Ahsante.

Jumapili nitampigia baba. Habari ya yule binti sitaigusa, ameshaolewa Korogwe na ana watoto wake. Nitamuuliza hiyo miaka sita ambayo babu hakuja kwetu, sikukuu zilipofika, alikuwa akimwambia nini mama.