Slivu au baipasi? Nna sukari na kiungulia, naomba maoni ya waliofanya

Mtoto_wa_Wete

Asalam alaykum ndugu zangu. Mie mama wa watoto watatu, miaka 38, asili yangu Wete lakini nimeolewa Unguja naishi Fuoni. Uzito kilo 118 na urefu sentimita 158, nimepigiwa hesabu BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, imekuja 47. Sukari mwaka wa sita huu, nameza metformini asubuhi na usiku, presha inapanda inashuka, magoti ndo usiseme, nasali juu ya kiti tangu mwaka juzi na hilo ndo linaloniuma kuliko yote.

Nimejaribu kila kitu jamani. Nimeacha wali usiku, nimetembea Fuoni mpaka Mwanakwerekwe kila alfajiri, nimekunywa madawa ya kuuzwa mitandaoni mpaka nkaharisha wiki nzima, zinatoka kilo 5 zinarudi 8. Sasa kaka yangu alioko Maskati kasema atalipa nikafanye operesheni ya tumbo ya kupunguza uzito. Nimeenda Dar kuonana na daktari, kaniambia slivu. Binamu yangu alifanya slivu India na kapungua kweli, ananambia usijiulize mara mbili. Lakini wifi yangu kule Maskati anasema jirani yake kafanya baipasi na sukari imeondoka kabisa, kwa nini mie nifanye slivu. Nimechanganyikiwa wallahi silali.

Kitu chengine nna kiungulia kikali, nalalia mito mitatu, nikilala chali asidi inanijia mpaka kooni naamka nakohoa. Hichi sikumwambia daktari, hakuniuliza na mie nliona ni kitu kidogo. Na jengine ni Ramadhani, hivi mtu alofanya hizi anaweza kufunga?

Shangazi_Jangombe

Waalaykum salaam mwanangu. Mie nna slivu mwaka wa tatu huu, nlikuwa 126 leo 84. Nitakwambia ukweli wangu wote mazuri na mabaya.

Slivu wanalikata tumbo kwa urefu, sehemu kubwa kama robo tatu au zaidi wanaitoa nje kabisa, inabaki kama mrija mwembamba mfano wa ndizi. Utumbo hawaugusi. Ile sehemu wanayoitoa ndo inayotengeneza ile homoni ya njaa, kwa hiyo miezi ya mwanzo mie njaa nlikuwa siijui, nakaa mpaka alasiri nakumbushwa na binti yangu mama hujala. Wiki mbili za mwanzo supu ya kuku iliyochujwa na maji kwa vijiko, halafu vitu vya kusaga, halafu laini, changu wa kuchemsha nlikuwa nakula vipande viwili nimeshiba. Pweza mpaka mwaka umepita ndo nliweza, anakwama. Na usinywe maji huku unakula, subiri nusu saa.

Nywele zilinitoka mwezi wa nne nkalia, zikarudi.

Sasa baya. Mie kiungulia nlikuwa SINA kabla. Sina kabisa. Baada ya mwaka kikaanza, sasa hivi kila siku lazima nimeze omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, nikikosa siku mbili usiku ule silali. Nimepigwa kamera ya tumbo, ile inayopitishwa mdomoni, nkaambiwa koo la chakula limechubuka na kikiendelea hivi itabidi wanigeuzie baipasi. Yaani operesheni ya pili. Sijuti, nasujudu mwanangu, paji la uso linagusa mkeka, lakini wewe unayelalia mito mitatu SASA HIVI halafu uende kwenye slivu bila ya kumwambia daktari, hapana. Mwambie.

Baharia_Mkoani

Dada angu pole. Mimi ni mwanamme miaka 47 wa Mkoani, nimefanya baipasi miaka minne nyuma, sukari yangu ilikuwa ya sindano, uniti nyingi tu asubuhi na usiku. Wiki ya pili toka nimetoka spitali daktari kanipunguzia insulini, mwezi wa pili kaniondolea kabisa, na kilo wakati ule zilikuwa hazijashuka hata 15. Nlimuuliza imekuwaje akanambia chakula sasa hakipiti njia yake ya zamani, kinaruka tumbo kubwa na mwanzo wa utumbo kinaingia chini moja kwa moja, na huko chini homoni za utumbo zinabadilika zinaisaidia sukari kabla hata mwili haujapungua. Kwa wenzetu wa sukari hilo ni kubwa.

Lakini baipasi ina masharti yake na mie niliyavunja ndo nkayajua. Skukuu ya kwanza nimekwenda kwa mama mkwe nkapewa halua na kahawa, nkala vijiko vitatu vinne tu vya halua kama zamani. Haikupita nusu saa moyo unadunda, jasho linanitiririka, tumbo linasokota, nkalala chini ukumbini watu wakadhani nakata roho. Ndivo unavofanya mwili sukari nyingi ikishuka kwenye utumbo kwa kasi. Halua, kashata, juisi ya miwa, hivo mie basi tena.

La pili na hili lisikilizeni wote. Nlipata maumivu ya mgongo nkaenda kituo kimoja cha afya, sitaki kukitaja, nkapewa diklofenaki wiki mbili hakuna alouliza kama nimefanyiwa operesheni na mie sikusema. Nkapata kidonda pale pale palipounganishwa, natapika damu. Mtu wa baipasi diklofenaki na brufeni ni marufuku, parasetamoli tu mpaka daktari wako aseme. Na sigara pia inaleta vile vile vidonda, mie nshaacha alhamdulillah.

Na vidonge vya vitamini sio mchezo, ni maisha yako yote. Mie nliacha miezi sita kwa uvivu, damu ikashuka, nikipanda ngazi ya boti pale bandarini Mkoani natweta. Ilikuwa chuma na B12.

Ukhti_Mbweni

Hamjataja puto. Mimi niliwekewa puto, linapita mdomoni kwa kamera hupasuliwi, wanalijaza maji ndani ya tumbo linakaa miezi sita wanalitoa. Na Mloganzila hapo Dar wanaweka. Nlipungua kilo 13, zimerudi 9. Kwa mtu wa kilo 118 mwenye sukari sidhani kama litamtosha, lakini kwa alie na uzito wa hatari sana akapungua kidogo kabla ya operesheni naona lina maana. Wiki ya kwanza matapishi ni mengi mno mjue hilo.

Mtoto_wa_Wete

Shangazi umenitisha lakini nakushkuru sana sana. Kaka Baharia na weye pia. Kwa hiyo niende baipasi tu? Na binamu yangu anasema slivu ni nyepesi, baipasi wanakata utumbo, akili yangu inaogopa neno utumbo. Na ile bendi ya kufunga tumbo je?

Tabibu_wa_Shamba

Asalam alaykum. Mimi ni mtu wa afya, si daktari bingwa wa upasuaji, niko kituo cha shamba Pemba, na wagonjwa waliofanyiwa nje wakirudi huku nyumbani mtu wa mwanzo wanaemuona ni mimi, kwa hiyo naongea kutoka upande huo.

Kwanza anastahili, hilo halina mjadala. Zamani tokea 1991 sharti lilikuwa BMI 40, au 35 ukiwa na maradhi mengine, mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari hawa vikashusha kuwa 35 hata bila ya maradhi na 30 kwa mwenye sukari. Wewe una 47 na sukari.

Bendi isahau, ilivuma sana zamani lakini inateleza, inakwaruza tumbo, wengi wamerudi kutolewa na siku hizi wachache wanaoiweka. Ipo na baipasi ndogo ya muungano mmoja, yaani utumbo unaungwa na tumbo mahali pamoja tu, fupi kidogo kufanya, ila nyongo inaweza kupanda juu tumboni, kwa mwenye kiungulia kama chako ni jambo la kuulizia sana.

Sasa slivu na baipasi. Watu wanashindanisha kilo na kwenye kilo tofauti sio kubwa kama wanavodhani. Slivu kwa wastani inaondoa kama robo ya uzito wote, baipasi kama asilimia 30, kwa kilo zako 118 ni kama 30 kwa 35. Kuna tafiti mbili za Finland na Uswisi zilitoka 2018, watu waligawiwa kwa kura wengine slivu wengine baipasi wakafatiliwa miaka mitano, kwenye kupungua waliachana kidogo tu, lakini kwenye kiungulia baipasi ilikuwa bora wazi wazi. Sababu inaeleweka, ule mrija wa slivu ni mwembamba presha ndani yake ni kubwa, asidi inatafuta pa kutokea inapanda juu. Baipasi kinabaki kifuko kidogo kama yai na asidi inayotengenezwa pale ni chache.

Kwa hiyo dada hicho ulichokiona kidogo usikinyamazie, kinaweza kugeuza uamuzi wote. Rudi kwa daktari umwambie, na omba kamera ya tumbo KABLA ya chochote. Kamera itaangalia koo lako la chakula, itaangalia kama una henia pale juu, yaani tumbo limechomoza kuelekea kifuani, na itapima wale bakteria wa vidonda vya tumbo ambao huku kwetu ni wengi mno, ukiwa nao unatibiwa kwanza. Na hili ni muhimu zaidi kwa baipasi kwa sababu tumbo la zamani linabaki ndani limefungwa na kamera ya kawaida haifiki tena huko, bora lichunguzwe wakati njia bado iko wazi.

Kuhusu kuogopa utumbo, ninaelewa, lakini slivu ndo ile isiyorudi, kipande kishatolewa kishatupwa. Zote zinafanywa kwa vitundu vidogo na hatari ya kufa kwenye spitali yenye uzoefu ni ndogo, inalinganishwa na ya kutoa mfuko wa nyongo. Swali la kumuuliza daktari ni umefanya ngapi na nikipata tatizo usiku nakupigia nani.

Na sasa la kwangu kama mtu wa Pemba. Baipasi inaweza kuleta utumbo kujipenyeza na kujinyonga hata miaka mingi baadae. Mgonjwa anakuja na tumbo linamsokota vibaya, tumbo halijavimba, anaonekana mzima, anapewa dawa ya gesi anarudishwa nyumbani. Ukifanya baipasi omba barua inayosema umefanyiwa nini na lini, ipige picha iweke kwenye simu, mpe mumeo nakala, na siku tumbo likikusokota hivo usisubiri boti ya kesho, nenda spitali kubwa iliyo karibu uionyeshe. Nimeshuhudia mmoja akichelewa na sitaki wa pili.

Vidonge: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, na vipimo vya damu kila mwaka. Slivu pia vinahitajika ila baipasi ni zaidi. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, achanisha masaa mawili, na chuma usimeze na chai. Piga hesabu ya bei za hivo vidonge kabla, kaka yako atalipa operesheni, je vidonge vya miaka ishirini nani atanunua? Kama jibu ni hakuna basi slivu inarudi mezani hata na kiungulia chako, mkalijadili na daktari. Na kama bado mnataka mtoto subiri mwaka mpaka mwaka na nusu, na vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi visitegemewe.

Baharia_Mkoani

Barua. Laiti ningekuwa nayo siku ile ya diklofenaki.

Shangazi_Jangombe

Kuhusu kufunga, mie Ramadhani ya kwanza sikufunga, nlikuwa na miezi minne tu na daktari alikataa. Kwenye slivu na baipasi huwezi kunywa kwa mikupuo, maji unayanywa funda funda mchana kutwa, sasa ukifunga masaa 13 halafu una usiku tu wa kunywa utakauka. Ya pili nlifunga kwa ruhusa, futari tende moja, maji kidogo kidogo, uji mwepesi bila sukari, samaki baada ya tarawehe. Wengi wanasema subiri mwaka mpaka mwaka na nusu. Zile siku nlizilipa polepole.

Mtoto_wa_Wete

Nimelia nikisoma haya, Allah awalipe kheri nyote. Leo asubuhi nimepiga simu Dar nimemwambia daktari kila kitu, mito mitatu, kukohoa, yote. Kanyamaza kidogo akasema vizuri umenambia, tusipange slivu kwanza, njoo upigwe kamera. Kanipa tarehe baada ya wiki tatu. Na nimezungumza na kaka habari ya vidonge, kasema atatuma kila miezi mitatu kutoka Maskati, nimemwambia anipe kauli mbele ya mama, kaitoa.

Moyo wangu sasa umeelekea baipasi lakini nasubiri jibu la kamera. Tabibu kuna cha kujiandaa? Hivi sasa nameza omeprazoli ya kununua dukani kila usiku.

Tabibu_wa_Shamba

Hiyo omeprazoli ndo nlotaka kukuuliza. Wapigie tena simu leo leo, waambie unaimeza, uulize uiache lini. Kawaida inaachwa wiki mbili kabla maana inaweza kuwaficha wale bakteria, kipimo kikaja safi na kumbe wapo. Kiungulia kitakusumbua siku hizo, waulize dawa gani ya muda unaweza kutumia badala yake. Usiku wa kuamkia kamera usile wala usinywe kama watakavokwambia, na metformini ya asubuhi ile uliza pia, usiimeze tumbo tupu kwa kujiamulia mwenyewe.