Ukoo wa Kikuyu, Dodoma: Safari ya Pwani

[19:02] Shangazi Mdogo: Mbukwenyi jamani. Leo mwisho kuthibitisha. Ijumaa SGR hadi Dar, elfu 31 mtu mzima. Jumamosi Bagamoyo, Jumapili Pangani, Jumatatu Tanga. Nani na nani?

[19:20] Shangazi Mdogo: Watu 14 mmesoma. Nawaona.

[19:40] Baba Chidi: Bagamoyo tunashukia stesheni gani?

[19:41] Mama Chidi: Bagamoyo haina reli baba Chidi. Mjerumani alihamia Dar 1891, reli ikaanzia huko.

[19:42] Baba Chidi: Basi mimi nashukia baa 😂

[19:43] Mjomba Lazaro: Ukishukia baa nenda na ile bili ya mwaka juzi.

[19:44] Baba Chidi: Mjomba, si yalishaisha?

[19:44] Mjomba Lazaro: Yaliisha kwenu. Pweza sahani tatu, saa yangu ikabaki kaunta.

[19:50] Shangazi Mdogo: Habari za saa si za hapa. WANGAPI??

[20:15] Juma Chuo: Shangazi, safari ya kumbukumbu kwa SGR? Unapitishwa mahandaki ya Kilosa kabla soda haijaisha. Ile ya zamani unaamkia Kilosa, mikono imejaa dirishani, ndizi, mayai ya kuchemsha.

[20:17] Mama Chidi: Hukuwepo mwaka tuliolala Gulwe siku mbili, tuta limezolewa na maji. Mayai yaliisha kijiji kizima.

[20:18] Baba Chidi: Na jogoo akaanza kuangaliwa vibaya 😂😂

[20:31] Shangazi Mdogo: Bado sijapata hata jina moja.

[21:05] Babu: Nimesomewa yote. Mtoto anaandika, mimi nasema. Reli ya Tanga ilianza 1893. Hii yetu 1905, ikafika Dodoma 1910. Hazikuonana mpaka 1963 zilipounganishwa Ruvu na Mnyusi. Nikapita humo kijana. Bibi yenu nilimkuta stesheni ya Tanga, amekalia gunia la machungwa ya Muheza, mpagazi anamwambia ainuke, hainuki. Nyuma palikuwa na baa ya benchi moja. Kama imevunjwa msiniambie. Shemeji Lazaro, saa nitakununulia mimi, nisiisikie tena. Na Tanga siingii kwa basi.

[21:06] Mama Chidi: Shikamoo baba.

[21:06] Juma Chuo: Shikamoo babu.

[21:09] Baba Chidi: Shikamoo mzee.

[21:30] Shangazi Mdogo: Baba, treni ya Arusha itatuacha Korogwe. Kutoka hapo ni basi tu.

[21:38] Babu: Basi mtanikuta hapo hapo Korogwe, stesheni.

[21:39] Mjomba Lazaro: Shemeji, saa ya aina gani?

[21:39] Shangazi Mdogo: MJOMBA.

[21:52] Shangazi Mdogo: Haya. Pesa namba yangu ile ile. Pangani tuiache au? Mnijibu basi.

[23:40] Kaka Mkubwa: Ndiyo naona sasa. Ijumaa hii au ijayo?