Nimekwanguana na Noah pale barabara inapobana Kibaha, naombeni ushauri

Msafiri_Mlandizi: Wakuu, habari za jioni. Jana nilikuwa natoka mjini, pale Kibaha njia zinapoanza kupungua. Noah ikanikwangua ubavu wa kushoto, taa hadi mlango. Jamaa anadai nimtengenezee gari. Nikatae? Usingizi sina.

FundiBodi: Usikubali kununua mlango mzima. Wa Noah unanyooka. Kuna mteja alitaka kubadilisha wake, nikaunyoosha, mpaka leo anautumia.

MamaPendo: Pole mwanangu. Ila madereva mmezidi kuchomekea. Mkipishana mnapungukiwa nini?

Jicho: Mleta mada, njia iliyoisha ni yako au yake?

Msafiri_Mlandizi: Mimi nauliza habari ya malipo.

Jicho: Jibu kwanza.

Msafiri_Mlandizi: Yangu, ya kulia. Lakini kibao kiko kushoto tu, na lori lilikuwa limenikinga. Mishale ya chini imejaa vumbi. Nimeshamwambia simlipi, na trafiki hatukuita.

MbebaMaboksi: Niko Stuttgart. Huku Ujerumani sheria ya barabarani, kifungu cha 7, inataka magari yapokezane pale pale njia inapoishia: moja la njia inayoendelea, moja la inayoisha, kama meno ya zipu. Foleni inafupika kwa kuwa njia zote zinatumika hadi mwisho. Barabara ikiwa nyeupe, hama mapema ukipata nafasi. Na kwenye barabara pana kibao kinatakiwa pande zote mbili, mbali kabla ya kubana, na mishale iliyopinda irudiwe juu ya lami. Kimara–Kibaha ni kilomita 19.2 za njia nane. Mtu akishazoea upana ule, kibao kimoja hakimwamshi.

Msafiri_Mlandizi: Mmeona? Wa kulaumiwa ni waliochora barabara.

Jicho: Hata kibao kikikosekana, anayehama njia ndiye wa kuhakikisha kuna nafasi. Nenda polisi, bima watakudai ripoti.

Kijana_MailiMoja: Hii chai. Jana Kibaha mvua imepiga kutwa. Vumbi la kufunika mishale limetoka wapi?

Msafiri_Mlandizi: Tope basi! Mnanihukumu bure.

FundiBodi: Weka picha ya mlango. Mkwaruzo unaonyesha nani alimwingilia mwenzake.

Msafiri_Mlandizi: Gari limeshapigwa rangi leo mchana.

Kijana_MailiMoja: Nilisema.

Jicho: Chai au si chai, umefuta ushahidi kabla polisi hawajalikagua. Mpigie mwenye Noah usiku huu, kabla hajaenda kuandikisha maelezo peke yake.