HD DVD au Blu-ray kwa chumba cha sinema nyumbani?

Mwuliza, Bukavu: Ndugu zangu, ninatayarisha chumba cha sinema nyumbani kwetu Kadutu, na shemeji yangu aliyeko Ubelgiji ameniahidi mashine moja kati ya mbili za kuchezea diski za filamu zenye picha kali kuliko DVD: ya HD DVD pamoja na diski 40, au ya Blu-ray isiyo na diski hata moja. Naomba ushauri kabla hajafunga mzigo.

Jibu, Lubumbashi: Kaka, chukua Blu-ray. Kampuni ya Toshiba, iliyokuwa nguzo ya HD DVD, iliiacha mwaka 2008, kwa hiyo lenzi ikichoka utahangaika kutafuta vipuri, na hizo diski 40 zitabaki bila mashine. Ubora wa picha haukupishana sana; tofauti kubwa ilikuwa nafasi, kwani tabaka moja la Blu-ray hubeba gigabaiti 25, la HD DVD 15.

Jibu, Goma: Nakubali, ila kuna jambo ambalo wengi husahau: baadhi ya diski za Blu-ray zimefungiwa kanda, yaani eneo la dunia zinakoruhusiwa kuchezwa, na Afrika iko pamoja na Ulaya katika kanda B. Mashine ya Ubelgiji itakufaa, lakini diski ya Marekani iliyofungiwa kanda A itakataliwa. Mimi nilipoteza pesa hivyo. HD DVD haikuwa na kizuizi hicho, na kwa hilo ninaiheshimu mpaka leo.

Mwuliza: Asanteni sana, wakubwa. Je, itasoma DVD zangu za zamani?

Jibu, Lubumbashi: Kwa kawaida husoma, isipokuwa zile zilizofungiwa kanda isiyo ya Ulaya.