Picha za kale za ngome za Uskoti: Slezer, Grose au Billings?

Mzee wa Ramani (mleta mada)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Glasgow na nimekusudia kununua picha moja ya kale ya ngome ya Uskoti, iliyopigwa chapa kutoka kwenye bamba lililochongwa kwa mkono. Nimebakiwa na wachoraji watatu: John Slezer, mhandisi wa jeshi aliyetoa kitabu cha picha kiitwacho Theatrum Scotiae mwaka 1693, Francis Grose, ambaye juzuu zake mbili za mambo ya kale ya Uskoti zilitoka kati ya 1789 na 1791, na Robert William Billings, ambaye juzuu zake nne za majengo ya kale ya Uskoti zilikamilika mwaka 1852. Slezer ndiye ghali kuliko wote. Je, bei hiyo inastahili?

Bamba la Shaba
Inastahili kabisa, na sababu yangu si umri wa karatasi. Tazama picha yake ya kasri la Linlithgow. Mwaka 1746 kasri hilo liliteketea wakati askari wa Duke wa Cumberland, kamanda wa jeshi la serikali ya Uingereza, walipokuwa wamepiga kambi humo, na hadi leo limebaki gofu lisilo na paa. Grose alizaliwa kabla ya moto huo na Billings baada yake, lakini walipolichora wote wawili walikuta kuta tupu. Slezer alilichora likiwa bado kasri la wafalme. Ushahidi wa namna hiyo haupatikani kwa mchoraji wa baadaye, hata awe hodari kiasi gani.

Msomaji wa Fife
Nakubaliana nawe kuhusu Linlithgow, ila ushahidi wa Slezer unahitaji kuhakikiwa. Picha iliyoandikwa jina la ngome ya Dunnottar katika kitabu chake si Dunnottar hata kidogo, bali ni ngome ya Wemyss, iliyo huku Fife. Maandishi yalikosewa, na wako wanunuzi wanaoining'iniza ukutani wakiamini wanatazama ule mwamba maarufu wa karibu na Stonehaven. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeziweka picha za Slezer kwenye intaneti pamoja na maelezo, kwa hiyo linganisha kwanza, ndipo ulipe.

Fundi Fremu
Naomba niongeze upande wa ufundi, kwa kuwa picha hizi hupita mikononi mwangu. Mabamba ya Slezer yalikuwa ya shaba. Shaba ni laini, na kila bamba linapopita kwenye mashine mistari yake hulika kidogo. Kitabu cha Slezer kilichapwa tena katika karne ya 18, hivyo chapa mbili za picha ileile zaweza kutofautiana sana: moja ina vivuli vizito, nyingine imefifia upande wa anga na majani. Billings hana tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, maana wakati wake wachongaji walikuwa wamehamia kwenye feleji, ambayo ni ngumu na inahimili maelfu ya chapa.

Ukishika karatasi, pitisha kidole taratibu pembezoni mwa picha utafute bonde dogo lililoachwa na ukingo wa bamba, ingawa huenda limekatwa pamoja na pambizo. Kisha tumia kioo cha kukuzia: mchongo wa kweli una mistari mizima ya wino, ilhali nakala nyingi za kisasa zina vidoa vidogo vilivyopangwa kwa safu. Rangi nayo isikuvutie upesi, kwani mara nyingi ilipakwa na wauzaji miaka mingi baadaye.

Mpenda Magofu
Nasikitika kuona Grose anapitwa hivihivi. Picha zake ni ndogo, bei yake inavumilika, na juzuu ya pili ndiyo iliyobeba shairi la Robert Burns, Tam o' Shanter, kwa sababu Burns alimwomba Grose aliingize kanisa la Alloway, naye Grose akataka kisa cha kuandamana na picha hiyo. Hata hivyo, kama haja yako ni kuona jiwe kwa jiwe jinsi minara na madirisha yalivyojengwa, chukua Billings. Alikuwa msanifu majengo, na jicho lake linaonekana.

Mzee wa Ramani
Ahsanteni sana. Nitatafuta Linlithgow ya Slezer, na kabla ya kulipa nitamwomba muuzaji anitumie picha ya upande wa nyuma wa karatasi na nyingine ya anga kwa karibu, nione kama mistari bado imekaza. Ikiwa imelika, fedha hiyohiyo nitaiweka kwa Billings.